Shahada mbili za ukutubi kwa mkupuo mmoja: yanayosemwa Unguja na Pemba, na ukweli wake

Matokeo ya Kidato cha Sita yakishatoka, habari huanza kuzunguka kwamba Marekani mtu anaweza kusoma shahada ya kwanza na uzamili wa ukutubi, yaani taaluma ya maktaba, kwa pamoja, akarudi na vyeti viwili. Mpango huo upo kweli. Vyuo kadhaa vya huko humruhusu mwanafunzi kuanza masomo ya uzamili kabla hajamaliza shahada ya kwanza, na baadhi ya masomo hayo yakahesabiwa kote kuwili. Yanayowaumiza vijana wetu ni maneno yaliyoongezwa juu yake.

“Nimeshamaliza SUZA, sasa nauomba huo wa pamoja.” Hapana. Mpango wa pamoja huanzia ndani ya shahada ya kwanza ya chuo chenyewe, au ya chuo kilichokubaliana nacho. Mwenye shahada tayari, iwe ya SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) au ya Dar es Salaam, anaomba uzamili wa kawaida, ambao wengi huumaliza kwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Wala hajapoteza kitu. Miaka minne ya ada za Marekani ameshaikwepa, na hiyo ndiyo sehemu nzito ya gharama yote. Awe mwangalifu tu na alama: GPA yetu huhesabiwa kwa 5 na yao kwa 4. Atume transkripti kama ilivyo, asijigeuzie hesabu mwenyewe.

“Ukipokelewa baada ya Kidato cha Sita, uzamili umeshaupata.” Mara nyingi unapokewa kama mwanafunzi wa kawaida wa shahada ya kwanza. Ombi la sehemu ya pili hupelekwa baadaye, kwa kawaida mwaka wa tatu, na hupimwa upya kwa alama ulizopata pale pale chuoni. Vyuo vingi hutaka angalau 3.0 kati ya 4, vingine zaidi. Asiyefikia huendelea na shahada yake ya kwanza mpaka mwisho. Nawaomba wazazi walielewe hili kabla ya kuuza shamba la mikarafuu.

“Unaokoa nusu ya muda na nusu ya pesa.” Tupige hesabu. Shahada ya kwanza Marekani ina krediti zipatazo 120, na uzamili wa ukutubi mara nyingi 36. Ukizisoma kila moja peke yake, jumla ni 156. Katika mpango wa pamoja, krediti 9 au 12 ndizo zinazohesabiwa mara mbili, kwa hiyo jumla inashuka hadi 147 au 144. Umeokoa muhula mmoja, pengine na kidogo. Ni faida ya kweli, lakini haifiki nusu. Na uangalie ufadhili: msaada uliopewa kama mwanafunzi wa shahada ya kwanza mara nyingi hukoma unapoingia uzamili, na misaada ya masomo ya serikali kuu ya Marekani haiwahusu wageni wanaokwenda kwa viza ya mwanafunzi. Muulize afisa wa udahili kwa maandishi: mwaka wa mwisho nitalipa kiasi gani, na nani atalipa?

“Lazima shahada ya kwanza iwe ya ukutubi.” Hili ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa sababu linawazuia wale hasa tunaowahitaji. Uzamili wa ukutubi Marekani hupokea watu wa fani yoyote: historia, Kiarabu, kompyuta, Kiswahili, baiolojia ya bahari. Nenda Nyaraka za Taifa za Zanzibar, pale Kilimani, utazame kilichohifadhiwa. Kuna maandishi ya Kiarabu ya enzi za masultani na kumbukumbu za ubalozi mdogo wa Uingereza. Nani ataviorodhesha hivyo ili mtafiti wa Wete au wa Tokyo avipate? Mtu anayesoma Kiarabu cha mkono, akajua na namna ya kutengeneza katalogi na kuhifadhi picha za kidijitali. Shahada ya kwanza ya Kiarabu juu yake uzamili wa ukutubi: mchanganyiko huo visiwani petu ni lulu, na katika barua ya maombi una uzito kuliko sentensi ya “napenda kusoma vitabu” ambayo kila mwombaji anaiandika. Andika unachotaka kukihifadhi, kilipo, na kwa nini kinaharibika.

“Barua ya mkubwa inafungua mlango.” Huku tumezoea barua ya sheha kwa kila jambo, na mtu akiweza kupata muhuri wa mkurugenzi au wa mwakilishi wa jimbo lake anahisi amekamilika. Kamati ya udahili haiwajui wakubwa hao. Inataka mtu aliyekufundisha, aliyesahihisha kazi zako, anayeweza kueleza namna unavyofikiri. Mhadhiri kijana aliyesimamia utafiti wako ana faida kubwa kwako kuliko mkuu wa taasisi aliyekuona mara moja kwenye mahafali. Kama ulijitolea maktabani Maisara au Chake Chake, basi mkutubi aliyekusimamia ni shahidi mzuri sana. Mwombe mapema, umpe na rasimu ya barua yako ya maombi.

“Shahada zote mbili lazima ziwe na ithibati ya ALA.” Chama hicho cha Maktaba cha Marekani huthibitisha programu za uzamili tu. Ukiambiwa shahada ya kwanza ina ithibati ya ALA, jua unadanganywa. Nafasi nyingi za ukutubi huko hudai uzamili uliothibitishwa, kwa hiyo hakikisha kwenye orodha ya ALA yenyewe. Ukirudi nyumbani jambo jingine linakungoja: tuzo ya nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kutambuliwa, kwa hiyo vitunze vyeti na transkripti za shahada zote mbili.

“Masomo ni ya mtandaoni, viza utaipata tu.” Uzamili mwingi wa ukutubi Marekani siku hizi unafundishwa kwa intaneti, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, huhesabiwa somo moja tu la mtandaoni, lisilozidi krediti tatu, katika masomo yanayomfanya awe mwanafunzi wa kutwa kila muhula. Programu iliyo mtandaoni yote haitakupa viza hiyo. Unaweza kuisoma ukiwa nyumbani Unguja, lakini kwanza uliza kama vipindi vinarekodiwa: darasa la saa kumi na mbili jioni la New York, wakati wa baridi yao, kwetu ni saa nane usiku.