Je, wajua kwa nini programu yenye kasoro chache inaweza kusumbua kuliko yenye kasoro nyingi?

Tuseme ushirika wa wavuvi wa dagaa pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, unachagua programu ya kurekodi mauzo. Moja ina kasoro 3 zinazojulikana, nyingine 40. Wengi wataikimbilia ya 3, na hapo ndipo makosa huanzia.

Kasoro ni kosa lililolala ndani ya programu. Hitilafu ni pale linapoamka, risiti ikatoka na kiasi kisicho sahihi. Mnunuzi huumizwa na hitilafu. Mwaka 1984 Edward Adams wa kampuni ya kompyuta ya IBM alichapisha uchambuzi wa kasoro za programu kubwa: karibu theluthi moja zilikuwa za aina ambayo ingeleta hitilafu mara moja tu katika miaka 5,000 ya matumizi. Ukiziondoa zote hizo, mtumiaji haoni tofauti.

Tazama mtumbwi. Matundu kumi yaliyo juu ya usawa wa maji hayaingizi hata kikombe. Tundu moja la chini huwafanya watu watoe maji kwa ndoo usiku kucha. Sasa ongeza shehena: mtumbwi unadidimia kidogo, na matundu yaliyokuwa makavu yanaanza kuvuja. Hakuna aliyetoboa jipya. Kilichobadilika ni mzigo tu, na hili ndilo linalovutia zaidi katika somo zima: programu ileile, kasoro zilezile, lakini uthabiti mwingine, yaani uwezo wa kufanya kazi bila hitilafu.

Kwa hiyo jaribio lifanane na kazi yenyewe. Wakati wa mbalamwezi taa hazivuti dagaa vizuri na mwalo hupoa. Kujaribu programu siku hizo ni kupima mtumbwi mtupu. Ijaribiwe kipindi cha giza, asubuhi mitumbwi inaporudi kwa mkupuo, umeme ukikatika katikati ya muamala, mtandao ukipotea.

Kiasi gani? Ukitaka hitilafu isiyozidi 1 kwa miamala 1,000, kwa uhakika wa asilimia 95, pitisha miamala 3,000 bila hitilafu hata moja. Ikitokea moja, inahitajika jumla ya miamala takribani 4,750 bila hitilafu ya pili. Hesabu hii inasimama endapo tu miamala imechukuliwa kwa nasibu kutoka kwenye matumizi halisi. Na msimbo, yaani maagizo yanayounda programu, ukirekebishwa, anza tena sifuri, kwani marekebisho huweza kuzaa kasoro mpya. Haya yote yaingie kwenye mkataba kabla ya malipo ya kwanza, pamoja na maelezo ya nini kitahesabiwa kuwa hitilafu na nani atakayehesabu.