Kusimulia upya si kurahisisha

Nimeambiwa tena, safari hii na mwanafunzi msomaji hodari, kwamba mshairi wa leo anayezirudia hadithi za zama za kati anazirahisisha tu. Nafundisha ushairi, na kauli hii imenichosha, kwa sababu inadhani kwamba kulikuwa na chanzo kimoja safi ambacho kila anayefuata anakizimua.

Patience Agbabi, mshairi wa Uingereza mwenye asili ya Nigeria, alichapisha Telling Tales mwaka 2014, akizisimulia upya hadithi za Canterbury za Geoffrey Chaucer, mshairi wa Uingereza aliyefariki mwaka 1400. Wengi wanamtaja Mke wa Bath, mmoja wa wasimulizi wa Chaucer, ambaye kwa Agbabi ni Bi Alice Ebi Bafa kutoka Nigeria; hilo limeshasemwa vya kutosha. Mimi nawarudisha kwenye hadithi ya Melibee, ambayo wasomaji wengi huiruka.

Kwa Chaucer hiyo ni nathari ndefu. Maadui watatu wanaegemeza ngazi ukutani, wanaingia kwa madirisha, wanampiga mke wa Melibee na kumjeruhi binti yake mahali patano: miguuni, mikononi, masikioni, puani na mdomoni. Melibee anataka kisasi. Mkewe, Prudence, anamzuia kwa methali na kauli za wahenga, ukurasa baada ya ukurasa. Chaucer mwenyewe aliifasiri kutoka Kifaransa, na Kifaransa hicho kilitokana na Kilatini cha Albertano wa Brescia, mwandishi wa Italia, cha mwaka 1246. Sasa chanzo safi ni kipi?

Shairi la Agbabi la hadithi hii linafika katikati, kisha mishororo ileile inarudi kinyumenyume hadi ule wa kwanza uwe wa mwisho. Vituo vinahama, na mshororo uliosomeka kama tishio unaweza kurudi ukiwa na maana nyingine. Swali la kulipiza au kusamehe limeingia ndani ya umbo lenyewe. Anayedhani huko ni kurahisisha na atunge beti mbili za namna hiyo: kila mshororo lazima ukubaliane na jirani wa juu na wa chini, kisha ukubaliane nao tena walipobadilishana nafasi.

Shaka ninayo, na sijaimaliza. Urefu wa maneno ya Prudence, ule unaowakimbiza wasomaji, huenda ndio hoja yenyewe, kwa kuwa hasira haipoi kwa mara moja, na shairi fupi halina nafasi ya subira ile. Kwa hiyo darasani tunalisoma shairi kwanza, kwa sauti, kisha tunaifungua nathari ya Chaucer, na hapo hakuna anayeomba tuiruke.