Siku mtu alipoacha kulikumbatia bawa akaanza kuning'inia

Nimezaliwa Matondoni, kisiwani Lamu, katika nyumba ya washona matanga. Siku hizi nashona mabawa. Kuanzia Desemba hadi Machi huwa niko Iten, kwenye ukingo wa bonde la Kerio, ambako warukaji wa Ulaya huja kufuata hewa ya moto inayopanda kutoka bondeni. Kazi yangu ni kukagua mishono na kamba, na kutia viraka vitambaa vilivyochanwa na miiba. Wengi wao huja na paraglaida, lile bawa la kitambaa kitupu linalokunjwa likaingia mkobani. Ila mara mojamoja hutokea mgeni na glaida ya kuning'inia, yenye mabomba ya alumini na fremu ya pembetatu chini yake, na hapo vijana hunizunguka. "Fundi, na hii ilianzaje?"

Jibu linalozagaa ni kwamba ilibuniwa na NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu iliyobaki ndiyo iliyozaa mchezo wenyewe.

Anza na Otto Lilienthal, mhandisi wa Ujerumani. Tangu mwaka 1891 alikuwa akiruka kutoka vilimani kwa mabawa ya fito za mti na kitambaa cha pamba. Mwaka 1894 alijijengea kilima cha udongo chenye urefu wa mita 15 pale Lichterfelde, karibu na Berlin, ili awe na mahali pa kurukia upepo uvumapo kokote. Kwenye vilima vya Rhinow alifika hadi mita 250 kwa mruko mmoja. Usukani wake ulikuwa mwili wake: alipenyeza mikono ndani ya fremu, akalibana bawa kwa mikono na mabega, kisha akarusha miguu mbele, nyuma au kando ili kuhamisha uzito. Fikiria sasa. Kifua na mabega vimefungamana na bawa. Kinachoweza kusogea ni nyonga na miguu tu, tena kwa kiasi kidogo. Tarehe 9 Agosti 1896 upepo ulimwinua pua juu, bawa likaishiwa nguvu, akaanguka akavunjika uti wa mgongo. Alifariki siku iliyofuata.

Baada yake dunia ikakimbilia injini, na kuongoza ndege kwa uzito wa mwili kukaachwa kwa miongo mingi.

Bawa lenyewe likaja kwa njia nyingine. Francis Rogallo alikuwa mhandisi wa serikali ya Marekani huko Langley, Virginia. Yeye na mkewe Gertrude walikuwa wakijaribu nyumbani kwao, kwa feni na pazia la jikoni, kutengeneza bawa lisilo na mbavu wala mifupa mingi, ambalo hewa yenyewe inalijaza na kulipa umbo. Waliomba hataza mwaka 1948 na kuipata mwaka 1951. Niliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilimkumbuka baba yangu, aliyekuwa akisema tanga halina umbo mpaka upepo uingie. Bawa la Rogallo ni tanga mbili zilizoshonewa kwenye mkuku mmoja, yaani bomba la katikati linalotoka puani hadi nyuma, kila moja ikijaa kama nusu ya pia.

Mwanzoni liliuzwa kama tiara ya watoto. Enzi za mbio za anga za juu NASA ikalitaka, ikidhani Gemini, chombo chake cha kubeba watu angani, kingeweza kurudi ardhini kikielea chini yake. Mwaka 1962 walitengeneza chombo cha majaribio kilichoitwa Paresev, na Neil Armstrong ni mmoja wa waliokirusha. Mwishowe wakachagua parachuti. Mwaka 1963 akina Rogallo walipewa tuzo ya dola 35,000. Hakuna aliyekuwa amefikiria mchezo.

Kuna aliyekaribia. Mwaka 1961, huko California, Barry Palmer alijitengenezea bawa la Rogallo kwa mabomba na karatasi ya nailoni, akakimbia mteremkoni akaruka. Lakini alijitundika kwa makwapa kwenye vyuma viwili, vilevile kama Lilienthal. Aliruka mara nyingi, na jambo lake likabaki lake.

Sasa twende Grafton, mji mdogo wa mashamba katika jimbo la New South Wales, Australia, kando ya mto Clarence. Mwaka 1963 klabu ya watelezaji wa majini ilimwomba John Dickenson, fundi wa vyombo vya umeme, awatengenezee tiara ya kuonyeshea watu kwenye tamasha la Jacaranda. Tiara za wakati ule zilikuwa bapa. Mtu alivutwa na boti huku akining'inia kwa mikono, na boti ikikosea mwendo kidogo, tiara ilipinduka naye. Dickenson aliona gazetini picha ya bawa la Rogallo. Tanga lake la kwanza alilitengeneza kwa nailoni ile inayofunikiwa mikungu ya ndizi shambani. Nawaeleza vijana wa Iten jambo hili kila mara, maana wanaijua nailoni hiyo vizuri kuliko wanavyoijua dakroni, kitambaa kigumu cha matanga na mabawa.

Alichoongeza Dickenson ni kidogo kwa macho. Chini ya mkuku alisimamisha fremu ya pembetatu, akaikaza kwa nyaya kwenda mbele, nyuma na pembeni. Kisha, mahali pamoja tu, karibu na pale bawa linapokaa mizani, akafunga kamba, na mtu akakaa kwenye kiti kilichoning'inia kwenye kamba hiyo. Husimuliwa kwamba wazo lilimjia alipokuwa akimsukuma binti yake kwenye bembea. Mwezi Septemba 1963 mwenzake Rod Fuller aliliinua juu ya mto.

Hapa ndipo ninapowataka vijana wasimame na kulishika. Naliweka bawa kwenye stendi, kijana anavaa mkanda, ananing'inia, anashika chuma cha chini cha pembetatu. "Kivute kuelekea kifuani." Anakivuta, na mwili wake mzima unasogea mbele, kilo zake zote 60 au 70, kuanzia kisogo hadi visigino. Pua ya bawa inainama. "Kisukume." Anarudi nyuma, pua inapanda. Akijisogeza kulia, bawa linalala kulia na kugeuka kulia. Mikono haibebi kitu, maana uzito wote uko kwenye kamba. Kinachobaki mikononi ni habari tu: bawa linakwambia upepo unafanya nini, nawe unajibu. Lilienthal alikuwa na miguu yake. Mtu wa Dickenson ana mwili wake mzima, tena ananing'inia kama pendulamu, kiasi kwamba akikiachia chuma mwili hurudi wenyewe mahali pake. Karibu kila glaida ya kuning'inia iliyofuata imebeba fremu hiyo. Shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI, lilimtunuku Dickenson medali ya dhahabu mwaka 2012, na kwa maoni yangu lilichelewa miaka 40.

Kusambaa kwake kulikwenda mbio. Bill Moyes na Bill Bennett, watelezaji wa majini wa Sydney, walijifunza kwa Dickenson. Bennett alihamia Marekani mwaka 1969, na tarehe 4 Julai mwaka huohuo aliruka juu ya Sanamu ya Uhuru, New York. Mwaka uliofuata Moyes aliruka Grand Canyon. Wakati huohuo vijana wa California walikuwa na lao: mianzi, gundi ya karatasi na nailoni. Tarehe 23 Mei 1971, siku ya kuzaliwa Lilienthal, walikusanyika kilimani Newport Beach kwa mashindano waliyoyapa jina lake. Miruko mingi ilikuwa ya sekunde chache. Walikuwa na usemi wao, kwamba usiruke juu kuliko unavyokubali kuanguka. Picha zikatoka kwenye majarida, watu wakaanza kununua michoro na kujishonea wenyewe. Aprili 1973 Mmarekani Mike Harker aliruka kutoka kilele cha Zugspitze, mlima wa Ujerumani wenye mita 2,962, na Wajerumani wakaupenda mchezo siku hiyohiyo. Mwaka 1976 Kössen, Austria, ikaandaa mashindano rasmi ya kwanza ya dunia.

Katikati ya furaha hiyo watu walikufa, wengi wao vijana, na sababu mojawapo ilikuwa kwenye kitambaa. Hili linanihusu mimi fundi, kwa hiyo nitalieleza polepole.

Tanga la jahazi likielekezwa mno upeponi hupwaya, likaanza kupigapiga. Nahodha hubadili uelekeo kidogo, tanga likajaa tena. Bawa la Rogallo la mwanzo lilikuwa na tanga pana lililolegea. Mrukaji akivuta chuma kupita kiasi, au upepo ukimpiga kutoka juu, hewa ilikosa njia ya kulijaza, tanga likapwaya na kupiga kama bendera. Pua ikatazama chini. Mwenye akili timamu hapo husukuma chuma kwa nguvu zake zote ili pua ipande, na bawa halisikii. Sababu ni kwamba uzito wako unaliongoza bawa pale tu bawa linapokubeba. Likishaacha kukubeba, kamba yako imelegea, huna uzito wa kuhamisha. Unasukuma hewa. Kadiri unavyoongeza kasi kwenda chini ndivyo tanga linavyozidi kupiga.

Dawa ilikuwa kamba nyembamba. Juu ya bawa kulikuwa na mlingoti mfupi wa kushikia nyaya. Kutoka ncha yake wakashusha kamba hadi ukingo wa nyuma wa tanga, zikiwa zimelegea wakati wa mwendo wa kawaida. Pua ikiinama mno, zinakazika na kuushikilia ukingo wa nyuma uwe juu kidogo, kwa hiyo hewa inausukuma chini, na pua inapanda yenyewe. Watengenezaji walikaza pia matanga yao na kutia vijiti vya kushika umbo. Marekani walianza kuyafunga mabawa juu ya gari na kuyaendesha barabarani kupima kama kweli pua inajirudisha, kabla ya kuyauza.

Nilipokuwa mwanagenzi kwenye karakana moja kusini mwa Ujerumani, darini kulikuwa na bawa la mwaka 1974, la rangi ya machungwa na kahawia. Bwana wa karakana aliniambia nilishushe nilikague. Dakroni yake ilikuwa imelainika kama shuka ya zamani. Mishono yote ilikuwa ya zigizaga, uzi mweupe, hatua sawasawa, kazi ya kiwandani. Kwenye ukingo wa nyuma kitambaa kilikuwa kimechakaa na kuwa nyuzinyuzi, pale kilipokuwa kikipiga. Na kando kidogo ya mchakao huo, kila upande, kulikuwa na vipande viwili vya utepe vilivyoshonwa kwa mkono, uzi mweusi mnene, mishono imepinda, vyenye vitanzi vya kupitishia kamba. Nilivivuta kwa vidole vyote. Havikutoka. Mwenye bawa alikuwa amezishonea kamba zake mwenyewe, nadhani mezani kwake usiku, alipopata habari kwamba zinahitajika.