Bendi ya roki iliyokubali kukaa pembeni, wazee wakaimba

Mimi kazi yangu ni kurekodi, kwa hiyo albamu ya Will the Circle Be Unbroken ya Nitty Gritty Dirt Band naisikilizaga kwanza kwa sikio la fundi, ushabiki baadaye. Na naona watu wanawasifia hawa jamaa kwa kitu ambacho hawakufanya, eti walichanganya muziki wa zamani wa Marekani na roki. Roki iko wapi humo? Ni banjo, fidla, mandolini, dobro (gitaa lenye sahani ya chuma ya kukuza sauti) na lile besi kubwa la kusimama.

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Bendi yenyewe ni vijana wa Long Beach, California, nywele hadi mabegani, vita vya Vietnam vinaendelea, na Nashville, makao ya muziki wa kantri, wakati ule kijana wa aina hiyo anaonekana mhuni tu. Ila walikuwa na wimbo uliotamba redioni, lebo inawasikiliza. John McEuen, mpiga banjo wao, akamfuata Earl Scruggs, yule ambaye kila mpiga banjo wa bluegrass (kantri ya kasi ya vyombo vya nyuzi visivyo vya umeme) anajifunzia mtindo wake wa vidole vitatu, mzee akakubali, na baada yake wakaja Mother Maybelle Carter, mwimbaji na mpiga gitaa aliyeanza kurekodi 1927, wapiga gitaa Doc Watson na Merle Travis, na mwimbaji wa bluegrass Jimmy Martin. Bill Monroe, baba wa bluegrass, alikataa. Roy Acuff, mkongwe wa Grand Ole Opry, kile kipindi maarufu cha redio cha kantri, aliyewahi kugombea ugavana wa Tennessee, alisitasita, akataka kwanza asikie wanachofanya.

Sasa utamu uko studio. Woodland, Nashville, Agosti 1971, treki mbili tu! Treki ni njia ya sauti kwenye tepu, na studio kubwa zilishakuwa nazo 16, yaani unarekodi gitaa leo, sauti kesho, aliyekosea unamrekebisha peke yake. Kwa treki mbili wote mnapiga pamoja, balansi inapangwa palepale, umbali wa mtu na maiki ndo mikisi yenyewe, na kosa likitokea mnarudia wote. Vijana ndo waliokuwa na presha hapo, maana Maybelle kazoea hivyo tangu enzi za maiki moja.

Halafu tepu iliachwa inazunguka hata wimbo ukiisha. Ndo maana tunawasikia Doc Watson na Merle Travis wakikutana kwa mara ya kwanza, Doc anamwambia Travis kwamba mwanawe yeye Doc amepewa jina la Merle kwa ajili ya Travis. Maprodyuza wengi wangekata yale maongezi, William McEuen, prodyuza wa albamu hii, akayaacha, na mimi nadhani yameuza albamu kuliko solo yoyote.

Travis anapiga gumba likishika besi na kidole cha shahada kikicheza melodi, na kama umekulia kwenye gitaa la Mwenda Jean Bosco wa Katanga utajikuta unatabasamu, maana naye ni gumba na shahada vilevile. Sisemi kuna aliyemwiga mwenzake.

Bendi yenyewe muda mwingi iko nyuma, harmonika hapa, mandolini pale, kuitikia kibwagizo. Kijana ananunua albamu hii ya santuri 3 kwa sababu ya jina lao kwenye kava, akifika nyumbani anaimbiwa na Maybelle wa miaka 62. Hiyo ndo kazi waliyoifanya.

Ile albamu ya pili yenye jina hilohilo, ya 1989, ilichukua tuzo ya albamu ya mwaka ya CMA, chama cha muziki wa kantri, ila kwangu imenyooshwa mno. Anza na hii ya 1972, vaa hedifoni, umfuatilie Junior Huskey kwenye besi.