Mpira Ulio Hewani Hausukumwi na Mkono: Dhana Potofu Kuhusu Mwendo, Kani na Uvutano

Chora mpira uliorushwa wima kwenda juu. Uchore ukiwa katikati ya safari, bado unapanda, halafu mwambie mwanafunzi aweke mishale ya kani zote zinazoukabili wakati huo. Zoezi hili nimelitoa mara nyingi, na michoro inayorudi ni kama imenakiliwa: mshale mfupi unaoelekea chini, umeandikwa "uvutano", na mshale mrefu unaoelekea juu, umeandikwa "kani ya mkono". Walio makini zaidi huongeza mchoro wa pili, mpira ukiwa kileleni, mishale yote miwili ikiwa na urefu mmoja. Mchoro nadhifu, una mantiki yake, na umekosewa. Mshale wa juu haupo.

Mkono umeshaachana na mpira. Kani si mzigo ambao mpira hupewa ukaondoka nao. Kani ni kusukumana au kuvutana kwa vitu viwili, na kimoja kikishajitoa, kani nayo imekwisha. Tangu vidole viuachie mpira, kilichobaki ni Dunia inayouvuta na hewa inayoukwaza kidogo. Tukiiweka hewa kando, mshale ni mmoja tu, unaelekea chini, na urefu wake ni uleule mpira unapopanda, unapofika kileleni na unaposhuka. Kuhusu kile kilele, jiulize: kama kani zingekuwa zimefutana pale juu, mpira ungeshuka kwa sababu gani? Ungebaki unaning'inia. Kasi yake kweli ni sifuri kwa nukta ile, lakini kasi bado inabadilika, kwa kiwango kilekile cha mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde.

Hapo mtu atauliza, sasa kwa nini unapanda? Unapanda kwa sababu ulikuwa tayari unapanda. Najua linasikika kama jibu la utani.

"Kitu hakiendi bila kusukumwa"

Dhana hii ndiyo mzizi wa zile nyingine karibu zote. Aristotle aliifundisha katika karne ya 4 kabla ya Kristo, na wasomi waliishi nayo kwa karibu miaka 2,000. Hawakuwa wajinga. Sukuma meza, inakwenda. Acha kuisukuma, inasimama. Ushahidi wa kila siku uko upande wao, na ndiyo maana sipendi mwalimu anayemcheka mwanafunzi kwa kosa hili.

Kilichowaponyoka ni msuguano. Meza haisimami kwa kukosa msukumo. Inasimamishwa na sakafu. Galileo alilifikiria jambo hili kwa kutumia miteremko. Mpira unaoviringika kutoka mteremko mmoja na kupanda mwingine hujitahidi kufikia karibu kimo kilekile ulikoanzia. Ukiulaza mteremko wa pili, mpira huenda mbali zaidi kukitafuta kimo hicho. Je, ukiulaza kabisa uwe tambarare? Kimo hakipatikani tena, na kama hakuna cha kuukwaza, mpira hauna sababu ya kusimama. Mwaka 1687 Newton aliliweka wazo hilo kama sheria yake ya kwanza ya mwendo.

Chombo cha Voyager 1 kilirushwa mwaka 1977. Leo kinakwenda takriban kilomita 17 kwa sekunde, na hakuna injini inayokisukuma mbele. Vijiinjini vyake vidogo hutumika kukigeuza ili antena ielekee Duniani. Kinakwenda kwa sababu kilikuwa kinakwenda, sawa na mpira wetu.

Kwa hiyo kazi ya kani ni kubadili mwendo: kuuongeza, kuupunguza au kuupinda. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa kwenye barabara iliyonyooka, bila kuongeza wala kupunguza, lina jumla ya kani sifuri. Msukumo wa mbele unalingana kabisa na ukinzani wa hewa na msuguano. Wanafunzi hukataa hapa. "Si lazima wa mbele uzidi kidogo?" Ungezidi, gari lingeendelea kuongeza mwendo.

"Kizito huanguka upesi kuliko chepesi"

Chukua kitabu na kipande cha karatasi kidogo kuliko jalada lake. Viachie pamoja, kila kimoja mkono wake. Kitabu kinapiga sakafu, karatasi bado inayumbayumba. Vizuri. Sasa ilaze karatasi juu ya kitabu, isichomoze pembeni, uachie kitabu kikiwa kimelala. Vinafika pamoja, karatasi imetulia juu ya jalada kana kwamba imegundishwa. Wabishi watasema kitabu kimeivuta, na ni haki yao kubisha. Wape jaribio la tatu: ifinyange karatasi ileile iwe kijipira kigumu, uiachie kando ya kitabu. Uzito wake haujaongezeka hata chembe, lakini safari hii jicho halioni tofauti. Kilichobadilika ni umbo, maana yake mwamuzi alikuwa hewa tangu mwanzo.

Ni kweli kwamba Dunia huvuta kizito kwa kani kubwa zaidi. Kinachosahaulika ni kwamba kizito pia ni kigumu zaidi kukurupusha. Chenye tungamo (ugumu wa kusogezwa) mara 10 huvutwa mara 10 zaidi, na huhitaji kani mara 10 zaidi ili kipate mchapuko uleule, yaani kasi yake ibadilike kwa kiwango kilekile. Mizani inasawazika, hesabu inatoa 9.8 kwa wote.

Hadithi ya Galileo kudondosha vitu kutoka mnara wa Pisa iliandikwa na mwanafunzi wake Viviani miaka mingi baadaye, na wanahistoria wengi wanaitilia shaka. Jaribio lililoandikwa vizuri ni la mwanahisabati Simon Stevin, ambaye mwaka 1586 alichapisha habari za tufe mbili za madini ya risasi, moja nzito mara 10 kuliko nyingine, zilizoangushwa kutoka futi 30 juu ya ubao. Milio ya kutua ilisikika kama mmoja. Kisha mwaka 1971, mwanaanga David Scott wa Apollo 15 alisimama Mwezini, akaachia nyundo na unyoya wa ndege kwa wakati mmoja, kamera ikiwaka. Vikagusa udongo pamoja.

Video hiyo inajibu pia wale wanaodhani uvutano unahitaji hewa. Mwezini hakuna hewa ya kutajika, na unyoya ulianguka.

"Angani hakuna uvutano"

Wanaanga wanaelea, mswaki unaelea, tone la maji linaelea. Macho yanaona, nani abishe? Lakini Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko takriban kilomita 400 tu juu ya vichwa vyetu, na nusu kipenyo cha Dunia ni kilomita 6,371. Kwa kipimo hicho kituo bado kimeikumbatia Dunia. Ukipiga hesabu, uvutano kule ni karibu asilimia 89 ya huu wa hapa. Tena kama ungeishia njiani, Mwezi ulioko kilomita 384,000 ungeshikwa na nini?

Wanaelea kwa sababu wanaanguka. Anza na jambo dogo: ukiachia jiwe, sekunde ya kwanza linashuka mita 4.9. Ukilirusha kwa ulalo, litatua mbali, lakini katika sekunde hiyo ya kwanza litakuwa limeshuka mita 4.9 zilezile, kwa sababu kwenda mbele hakupunguzi kuvutwa chini. Sasa kumbuka kwamba Dunia ni duara. Kila ukienda kilomita 8 katika mstari mnyoofu, uso wake unakuwa umejipinda chini kwa takriban mita 5. Ukiweza kulirusha jiwe kilomita 8 kwa sekunde, na hewa isiwepo, litaanguka mita 5 na ardhi nayo itakuwa imelikimbia mita 5. Litaanguka daima lisifike. Newton aliwaza hivyohivyo, yeye akitumia mzinga wa kivita ulio kileleni mwa mlima mrefu mno.

Kituo cha anga, kwa kuwa kiko juu kidogo, kinahitaji kilomita 7.7 hivi kwa sekunde, na huizunguka Dunia kwa takriban dakika 90. Sakafu yake inaanguka, mwanaanga anaanguka, mswaki unaanguka, vyote kwa mchapuko mmoja, basi hakuna kinachomkandamiza mwenzake. Fikiria umesimama juu ya mizani ndani ya lifti ambayo kamba imekatika: mizani itasoma sifuri, ingawa Dunia haijaacha kukuvuta. Ndiyo maana napenda kusema wanaanga hawausikii uzito wao, kuliko kusema hawavutwi.

"Kilo 60 ndio uzito wangu"

Sokoni na kliniki, sawa. Katika fizikia, kilo 60 ni tungamo, kiasi cha ugumu wako wa kusogezwa, na huendi nacho Mwezini kikapungua. Uzito ni kani, nayo hupimwa kwa nyutoni: 588 hapa, takriban 97 kule. Ukilipiga teke jiwe kubwa Mwezini kwa kudhani limekuwa jepesi, kidole kitakukumbusha tofauti.

"Lori hugonga baiskeli kwa kani kubwa kuliko baiskeli inavyoligonga lori"

Hapa darasa zima huinua mikono kukubali. Kani mbili hizo ni sawa, hadi nyutoni ya mwisho. Kisicho sawa ni matokeo: kani ileile juu ya tani kadhaa huzaa mtikisiko, juu ya kilo chache huzaa maafa. Vivyo hivyo jiwe linaloanguka huivuta Dunia kama Dunia inavyolivuta. Ila Dunia, kwa ukubwa wake, haionyeshi.

Mtego ulioko hapa ni kitabu kilicholala mezani. Wengi hutaja uzito wa kitabu na msukumo wa meza kuwa ndio kani na mwitikio wake. Hapana. Zote mbili zinakabili kitabu, wakati jozi ya sheria ya tatu ya Newton (kitu kikisukuma au kuvuta kingine, nacho husukumwa au kuvutwa na hicho kwa kani sawa) huwa moja juu ya kila kitu. Mwenza wa Dunia kuvuta kitabu ni kitabu kuvuta Dunia. Meza haimo kabisa.

Tukitembea, unyayo husukuma ardhi nyuma na ardhi hutusukuma mbele, kwa njia ya msuguano. Kwa hiyo ile kanuni ya kukariri kwamba msuguano siku zote hupinga mwendo nayo ina kasoro. Hupinga kuteleza.

Na roketi je, husukuma nini pasipo na hewa? Mwaka 1920 gazeti la The New York Times lilimkejeli Robert Goddard, mwanafizikia wa Marekani, kwa kudai roketi ingeweza kufanya kazi katika ombwe, yaani pasipo na hewa, likasema anakosa maarifa yanayofundishwa kwenye shule za sekondari. Lilidhani roketi hujisukuma kwa kuikanyaga hewa. Kumbe roketi husukuma gesi yake yenyewe nyuma, na gesi huisukuma mbele. Hewa ya nje huikwaza tu. Mwaka 1926 Goddard alirusha roketi ya kwanza ya mafuta ya kimiminika. Gazeti lilichapisha masahihisho tarehe 17 Julai 1969, siku moja baada ya Apollo 11 kuondoka kuelekea Mwezini. Goddard alikuwa amefariki mwaka 1945.