Kibainishi Kimoja Kinatosha: Ufafanuzi kwa Wanaowasilisha Nyaraka za Kiingereza

Kutokana na kuongezeka kwa malalamiko ya wananchi ambao nyaraka zao za Kiingereza zimerudishwa, kitengo chetu cha tafsiri kinapenda kufafanua kosa linalojirudia mno: kuweka "a" au "the" mbele ya nomino ambayo tayari ina kibainishi kingine, yaani neno kama "this" au "my" linaloonyesha ni kitu gani au cha nani kinachotajwa.

Kwa Kiswahili tunasema "barua yangu hii" na hakuna anayenung'unika. Kiingereza rasmi cha leo kinakataa "this my letter" na "the my letter", kwa kuwa "the", "this", "my" na "no" hugombea nafasi moja, na mwenye kuipata huwa mmoja tu. Anayehitaji maana zote mbili huandika "this letter of mine". Wapo wanaojitetea kwa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ambamo baba wa mwana mpotevu anasema "this my son". Biblia tunaiheshimu, lakini maombi ya leseni hayaandikwi kwa Kiingereza cha karne ya 17.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba "the" daima hukaa peke yake. "All", "both" na "half" huitangulia, kama katika "half the fee", nazo namba huifuata: "the two applicants". Anayeandika "the all documents" amegeuza mpangilio. Izingatiwe pia kwamba "all documents" yaweza kusomwa kuwa nyaraka za aina yoyote, ilhali "all the documents" ni zile zinazojulikana au zilizokwisha kutajwa, na katika kiapo tofauti hiyo si ndogo. "Each" nayo huifikia "the" kwa kupitia "of" tu: "each of the applicants".

Waraka wenye kosa hurudishwa masijala ukiwa na dokezo, mwombaji hujulishwa, hurekebisha, hutia saini upya katika kila ukurasa uliobadilika, kisha waraka hupokelewa kwa tarehe mpya. Tarehe ya awali haihifadhiwi, hata kama kosa ni la neno moja. Kiapo hakirekebishwi kwa kalamu, bali huapwa upya mbele ya kamishna wa viapo, kwa gharama ya mwombaji. "The" ya ziada haiongezi urasmi wowote, na maofisa wetu wa kaunta hawana mamlaka ya kuifuta kwa niaba ya mwombaji, hata akiwaomba kwa upole.