Mafuta ya kunukia na fukusi: chupa tupu inadanganya

Mafuta ya karafuu yanaua fukusi, yule mdudu anayetoboa nafaka ghalani? Yanaua. Tia matone machache kwenye karatasi ya kuchujia, iweke ndani ya kichupa pamoja na fukusi wa mahindi, ufunge. Ataanza kuhangaika, miguu itatetemeka, kisha atapinduka chali. (Usikimbilie kumhesabu maiti. Fukusi akiguswa hujikunja na kujifanya amekufa, kwa hiyo sisi humwacha saa 24, kisha tunamchokoa kwa brashi laini.)

Kinachomwangusha ni yujenoli, kiini kikuu cha mafuta hayo, ambayo huvuruga mishipa yake ya fahamu. Yujenoli huua zaidi kwa kumgusa mdudu. Sineoli, kiini kikuu cha mafuta ya mkaratusi, ni nyepesi, hugeuka mvuke upesi na kumwingia kupitia matundu ya kupumulia.

Ila ghala si chupa tupu. Ukishajaza nafaka, punje zenyewe hufyonza mvuke, na kipimo kilichoangamiza fukusi wote kwenye chupa kitawaacha wengi wakitembea. Matangazo mengi ya dawa hizi hayagusii jambo hilo.

Halafu kuna wale usiowaona. Jike hutoboa punje kwa mdomo wake mrefu, hutaga yai humo, kisha huziba tundu kwa ute unaokauka. Buu hula humo humo na kukulia humo humo. Kwenye joto la nyuzi 27 hivi, huchukua kama wiki tano mpaka atoke fukusi kamili. Mafuta nayo yanaendelea kuyeyukia hewani. Mwenye nafaka anafurahia mizoga ya wiki ya kwanza, na kizazi kipya kinatoka punjeni harufu imekwisha.

Ndiyo maana nikiletewa matokeo ya jaribio, naanza na idadi ya watoto waliotoka na uzito wa nafaka uliopotea. Waliokufa siku ya kwanza nawatazama baadaye.

Kuna njia za kuchelewesha mvuke, kama kuchanganya mafuta na udongo laini wa mfinyanzi au kuyafungia ndani ya vidonge vidogo mno. Zinasaidia. Hata hivyo, kwa sasa ningeyatumia kwenye mbegu chache, zilizokaushwa vizuri, ndani ya chombo kisichopitisha hewa, tena baada ya kujaribu kuotesha kiasi kidogo, kwani yakizidi huharibu uotaji. Nafaka ya kula hubaki na harufu. Na uasilia wa mafuta haya usikulaghai: mafuta ya mkaratusi yakinywewa ni sumu, hasa kwa mtoto.